Maria Gaetana Agnesi: Mwalimu wa Hesabu Aliyezikwa Pamoja na Maskini



Mara kwa mara, katika semina za vijana na hata katika mazungumzo ya kawaida baada ya Misa, hujitokeza swali linalowasumbua wazazi wengi. Binti amefaulu vizuri masomo ya sayansi, na papo hapo anapenda sala na huduma ya Kanisa. Wengine humwambia aache mambo ya sakristia asije akapoteza bahati ya masomo. Wengine humwambia asijichoshe na hesabu, kwa kuwa hesabu hazimpeleki mtu mbinguni. Pande zote mbili zinakubaliana katika kosa moja, nalo ni kudhani kwamba akili na ibada zinagombea nafasi moja ndani ya moyo wa mtu.

Leo napenda tumtazame mwanamke mlei wa jimbo la Milano, Italia, aliyeishi katika karne ya 18. Jina lake ni Maria Gaetana Agnesi. Kanisa halijamtangaza mtakatifu wala mwenye heri, kwa hiyo hatumwekei ibada. Tunamsoma kama tunavyomsoma Mkristo yeyote aliyetutangulia na kutuachia mfano wa kutafakari.

Binti wa nyumba ya hariri

Maria Gaetana alizaliwa Milano tarehe 16 Mei 1718. Baba yake, Pietro Agnesi, alitoka katika ukoo uliotajirika kwa biashara ya hariri, na mama yake aliitwa Anna Fortunata Brivio. Mama huyo alifariki mwaka 1732, binti yake akiwa hajatimiza miaka kumi na minne. Pietro alioa tena, na baadaye akaoa mara ya tatu. Katika ndoa hizo tatu alipata watoto ishirini na mmoja, na Maria Gaetana ndiye aliyekuwa kifungua mimba wao.

Akili yake ilionekana mapema. Akiwa bado mtoto mdogo alizungumza Kifaransa kwa ufasaha. Mwaka 1727, akiwa na umri wa miaka tisa, alisimama mbele ya wageni wa baba yake akatoa kwa Kilatini hotuba ndefu ya kutetea haki ya wanawake kupata elimu ya juu. Inaelekea hotuba yenyewe iliandaliwa kwa msaada wa mwalimu wake, lakini aliyeishika kichwani na kuitamka alikuwa yeye. Alipoingia ujanani alikuwa amejifunza pia Kigiriki, Kiebrania, Kihispania na Kijerumani. Dada yake, Maria Teresa, naye alikuwa na kipaji kikubwa cha muziki, akaja kujulikana kama mtunzi na mpiga kinanda.

Sebule ya baba na masharti matatu

Pietro Agnesi alikuwa na fedha, ila alitamani pia heshima ya daraja la makabaila. Njia mojawapo ya kuipata ilikuwa kuwakaribisha nyumbani wasomi, mapadre, wanasheria na wasafiri mashuhuri, kisha kuwaonyesha binti zake. Jioni za namna hiyo zilikuwa nyingi. Mwaka 1739 alifika mgeni Mfaransa, Charles de Brosses, ambaye baadaye aliandika habari za safari yake ya Italia. Alimkuta Maria Gaetana ameketi katikati ya duara la wageni, akijadiliana nao kwa Kilatini juu ya mambo ya falsafa na ya maumbile, huku dada yake akiburudisha kwa muziki. Mgeni yule aliondoka na mshangao mara mbili: kwanza kwa elimu ya msichana yule, na pili kwa kusikia kwamba alikuwa anafikiria kuwa mtawa.

Mwaka 1738 Maria Gaetana alikuwa amechapisha kitabu cha Kilatini, *Propositiones philosophicae*, kilichokusanya hoja karibu 190 alizozitetea katika mijadala hiyo. Lakini moyoni alikuwa amechoka kuwa maonyesho. Alipomweleza baba yake nia ya kuingia utawani, Pietro alishtuka na kuhuzunika mno, akamsihi asimwache. Binti hakukaidi, na wala hakuiacha nia yake ipotee bure. Alikubali kubaki nyumbani kwa masharti matatu: aruhusiwe kuvaa mavazi ya kawaida yasiyo ya fahari, aende kanisani kila apendapo, na asilazimishwe tena kuhudhuria dansi, maigizo na starehe za namna hiyo. Baba akakubali.

Wazazi wenzangu katika imani, tusiupite upesi ukurasa huu. Pietro Agnesi hakuwa baba mbaya. Aliwapa binti zake walimu bora wakati ambapo familia nyingi hazikuona haja ya kumfundisha msichana zaidi ya kusoma na kushona. Hata hivyo alichanganya mapenzi kwa mtoto na mapenzi kwa sifa zake mwenyewe. Jambo hilo hutokea hata leo katika sherehe zetu za mahafali, pale mtoto anapokuwa pambo la familia kabla ya kuulizwa yeye mwenyewe ameitiwa nini na Mungu.

Mmonaki mwalimu na kitabu cha vijana

Baada ya makubaliano hayo Maria Gaetana alijitoa kwa nguvu zaidi katika hisabati. Mwaka 1740 alifika Milano Padre Ramiro Rampinelli, mmonaki wa Waolivetani, ambao ni tawi la familia ya Mtakatifu Benedikto. Huyu alikuwa mtaalamu wa hisabati aliyejua mbinu mpya zilizokuwa zikizungumzwa Ulaya nzima. Chini ya uongozi wake Maria Gaetana alipitia kwa utaratibu kitabu cha Charles Reyneau, padre Mfaransa, kilichokusanya maarifa hayo. Ni Rampinelli pia aliyemtia moyo aandike kitabu chake mwenyewe na kumkutanisha kwa barua na Jacopo Riccati, mtaalamu mkubwa wa milinganyo, ambaye alisoma rasimu yake na kumpa hata baadhi ya matokeo yake yaliyokuwa hayajachapishwa.

Kazi hiyo ilichukua miaka. Aliianza kwa ajili ya kujifunza mwenyewe na kumsaidia mmoja wa wadogo zake, kisha ikakua. Mwaka 1748 ikatoka katika juzuu mbili zenye jumla ya kurasa zaidi ya elfu moja: *Instituzioni analitiche ad uso della gioventù italiana*, yaani Misingi ya Uchambuzi kwa Matumizi ya Vijana wa Italia. Mitambo ya kuchapia iliwekwa nyumbani kwake ili aweze kuwasimamia wachapaji, maana alama zile ngeni zingeweza kukosewa kwa urahisi.

Mambo mawili yanaonyesha moyo wa mwandishi. Kwanza, hakuandika kwa Kilatini, ingawa alikijua kama lugha ya nyumbani, na kwa Kilatini angesomwa na wataalamu wa nchi zote. Aliandika kwa Kiitaliano ili kijana wa kawaida aelewe. Pili, hakudai kuwa mgunduzi. Maarifa yale yalikuwa yametawanyika katika majarida na vitabu vya watu mbalimbali, kila mmoja akiwa na njia yake na alama zake. Yeye aliyakusanya na kuyapanga, hatua kwa hatua, kutoka aljebra rahisi hadi sehemu ngumu kabisa, kwa mifano mingi. Juzuu ya kwanza ilihusu kiasi chenye ukomo. Juzuu ya pili ilihusu kiasi kidogo mno, yaani somo ambalo wanafunzi wetu wa kidato cha tano na cha sita hulijua kwa jina la kalkulasi.

Kosa ambalo hata wakubwa walilifanya

Nitawaomba msomaji asiyependa hesabu anivumilie kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapoweza kuona kazi ya mwalimu ilivyo.

Kalkulasi hushughulikia vitu vinavyobadilika: inauliza kitu kinabadilika kwa kasi gani. Kama kiasi kimoja tu kinabadilika, swali si gumu sana. Ugumu huanza pale viasi viwili vinavyobadilika vinapozidishwa pamoja. Tuseme tunajua kasi ya badiliko la cha kwanza na kasi ya badiliko la cha pili. Je, kasi ya badiliko la zao lao ni ipi? Karibu kila mwanafunzi hujibu kwamba tuzizidishe hizo kasi mbili. Mimi mwenyewe nilijibu hivyo nilipokuwa seminari ndogo, nikaona kalamu nyekundu imepita katika ukurasa mzima. Nilijifariji miaka mingi baadaye nilipofahamu kwamba Gottfried Wilhelm Leibniz, Mjerumani aliyeiasisi kalkulasi kwa njia yake wakati Isaac Newton alipoiasisi Uingereza, naye alijiuliza swali hilohilo katika maandishi yake ya Novemba 1675, akajaribu jibu hilo rahisi kabla ya kuona kwamba si sahihi. Kanuni sahihi aliichapisha mwaka 1684.

Kanuni yenyewe tunaweza kuiona shambani. Chukua shamba lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10. Eneo lake ni mita za mraba 200. Sasa mwenye shamba analipanua: anaongeza mita 1 katika urefu na mita 1 katika upana. Shamba jipya ni mita 21 kwa mita 11, sawa na mita za mraba 231. Limeongezeka kwa 31. Hizo 31 zimetoka wapi? Kuna ukanda mmoja mrefu unaofuata urefu wa zamani, 20 mara 1, yaani 20. Kuna ukanda wa pili unaofuata upana wa zamani, 10 mara 1, yaani 10. Kisha kuna kipembe kidogo pale kanda mbili zinapokutana, 1 mara 1, yaani 1.

Tupunguze sasa nyongeza iwe sentimita 10 tu kila upande. Eneo jipya ni 203.01. Kanda mbili zimetoa 2 na 1, na kipembe kimetoa 0.01 tu. Tupunguze tena iwe sentimita 1. Eneo jipya ni 200.3001. Kanda zimetoa 0.2 na 0.1, na kipembe 0.0001. Mara ya kwanza kipembe kilikuwa sehemu moja ya thelathini ya kanda. Mara ya pili sehemu moja ya mia tatu. Mara ya tatu sehemu moja ya elfu tatu. Kadiri nyongeza inavyokuwa ndogo, ndivyo kipembe kinavyokosa uzito mbele ya kanda. Kinachobaki ni kanda mbili. Basi kanuni ni hii: badiliko la zao ni kiasi cha kwanza mara badiliko la cha pili, kujumlisha kiasi cha pili mara badiliko la cha kwanza. Vikiwa vitatu, kama urefu, upana na kimo cha sanduku, kuna vipande vitatu vya kujumlisha, na kila kipande ni badiliko la kimoja mara vile viwili vingine.

Mwanafunzi anaweza kujihakikishia kwa kutumia x² na x³. Kasi ya badiliko la x² ni 2x, na ya x³ ni 3x². Akizizidisha tu anapata 6x³. Akifuata kanuni anapata x² mara 3x², kujumlisha x³ mara 2x, ambayo ni 5x⁴. Na kwa kuwa x² mara x³ ni x⁵, ambayo kasi yake ya badiliko ni 5x⁴, jibu la pili ndilo la kweli.

Tazameni sasa jinsi kosa la mwanzo lilivyokuwa la ajabu. Anayezidisha mabadiliko mawili peke yake anakishika kipembe na kuziacha kanda. Anakihifadhi kile kinachopaswa kutupwa, na kukitupa kile kinachopaswa kuhifadhiwa.

Agnesi aliiweka kanuni hii katika sehemu ya pili ya kazi yake, pamoja na kanuni za migawanyo na za vipeo, kisha akamwongoza kijana kuzitumia katika kutafuta mistari inayogusa mikunjo, na mahali ambapo kiasi kinafikia ukubwa wa juu kabisa au udogo wa chini kabisa. Tukumbuke kwamba wakati ule si wote waliokubali hatua ya kukiacha kipembe. Mwaka 1734 George Berkeley, askofu Mwanglikana huko Ireland, alikuwa ameandika kuwakosoa wanahisabati kwa kutumia kiasi kidogo mno pale kinapowafaa na kukiondoa pale kinapowakera, na alikigusa waziwazi kipengele hikihiki cha zao. Ukosoaji huo ulikuwa wa haki. Ulipata jibu lililo imara katika karne ya 19, hasa kwa kazi ya Augustin-Louis Cauchy, Mfaransa na Mkatoliki mwenye bidii, na wale waliomfuata. Agnesi alifundisha kwa msamiati wa zama zake, lakini alifundisha kwa mpangilio ambao vijana wengi waliweza kuushika.

Heshima kutoka kwa wakuu

Kitabu kilipokewa vizuri kupita matarajio. Chuo cha Sayansi cha Paris kilikichunguza na kukisifu. Maria Gaetana alikuwa amekitabaruku kwa Malkia Maria Teresa wa Austria, kwa kuwa Milano ilikuwa chini ya utawala wake, naye Malkia akamtumia pete ya almasi na kijisanduku cha kioo kilichopambwa kwa vito. Papa Benedikto XIV, ambaye aliwahi kujisomea hisabati na aliwapenda wasomi, alimpelekea medali ya dhahabu pamoja na zawadi yenye vito vya thamani. Mwaka 1750 Papa huyohuyo alifanya ateuliwe kufundisha hisabati katika Chuo Kikuu cha Bologna. Katika chuo hicho alikuwapo tayari mwanamke mwingine, Laura Bassi, aliyefundisha fizikia. Basi ni vema ijulikane kwamba katikati ya karne ya 18, wakati vyuo vingi vya Ulaya vilikuwa vimefunga milango kwa wanawake, chuo kilichokuwa katika nchi ya Papa kiliwafungulia.

Kitabu kilivuka mipaka. Juzuu ya pili ilitafsiriwa kwa Kifaransa mwaka 1775. Huko Uingereza, John Colson, profesa wa Cambridge, alijifunza Kiitaliano akiwa mzee ili akitafsiri chote. Tafsiri yake ilichapishwa mwaka 1801, miaka mingi baada ya kifo chake. Katika tafsiri hiyo lilitokea jambo la kuchekesha. Kulikuwa na mkunjo mmoja ambao Agnesi aliuita *versiera*, jina linalotokana na neno la kugeuka. Colson alilichanganya na neno la Kiitaliano linalofanana nalo, lenye maana ya mwanamke wa shetani, akauita mkunjo wa mchawi. Mpaka leo wanafunzi wa Kiingereza huuita mchawi wa Agnesi, bila kujua kwamba jina hilo limebandikwa kwa mwanamke aliyeshinda nusu ya maisha yake magotini na vitandani mwa wagonjwa.

Njia nyingine

Maria Gaetana hakwenda Bologna kufundisha. Aliikubali heshima ile, na jina lake likabaki katika orodha ya chuo, lakini yeye alibaki Milano. Mwaka 1752 baba yake alifariki. Tangu hapo alikuwa huru, naye akauonyesha uhuru wake kwa kuchagua maskini. Mwaka 1762 Chuo Kikuu cha Torino kilipomwomba maoni juu ya kazi za kijana Joseph-Louis Lagrange, ambaye angekuwa mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ile, alijibu kwamba hajishughulishi tena na mambo hayo.

Hata kabla ya kifo cha baba yake alikuwa akifundisha katekisimu parokiani na kuwatembelea wagonjwa, na baadhi yao aliwapokea katika vyumba vyake mwenyewe nyumbani. Mwaka 1759 alihamia katika nyumba ya kupanga ili awe na nafasi ya kuwahudumia wengi zaidi. Kodi, chakula na dawa vilihitaji fedha. Ndipo alipouza zawadi za Malkia. Pete ile ya almasi, iliyokuwa ushuhuda wa sifa zake zote, ikageuka kuwa matumizi ya wanawake wagonjwa ambao hawakujua zao la namba ni nini.

Mwaka 1771 ilifunguliwa Milano nyumba kubwa ya kuwatunza wazee na wagonjwa maskini, Pio Albergo Trivulzio, kwa mali iliyoachwa na mwanamfalme Antonio Tolomeo Trivulzio. Askofu Mkuu Giuseppe Pozzobonelli alimwomba Maria Gaetana asimamie upande wa wanawake, naye akapokea. Mwaka 1783 alihamia kabisa katika nyumba hiyo, akaishi na wale aliowahudumia. Usiku na alfajiri alisali na kutafakari mateso ya Bwana, na ameacha maandishi ya tafakari juu ya maisha ya kiroho, *Il cielo mistico*. Mchana alikuwa na vikongwe, vilema na waliorukwa na akili. Uzeeni afya yake mwenyewe ilidhoofika sana.

Alifariki tarehe 9 Januari 1799, Milano ikiwa mikononi mwa majeshi ya Ufaransa, akiwa na umri wa miaka themanini. Alizikwa katika kaburi la pamoja la maskini, bila jiwe la kumtambulisha.

Je, aliizika talanta yake?

Wapo wanaosoma maisha haya na kusikitika. Wanasema dini iliinyang'anya hisabati mwanamke mwenye kipaji adimu. Lalamiko hilo si la kupuuzwa, hasa kutoka midomoni mwa wale wanaopigania elimu ya mtoto wa kike. Nasi hatupaswi kulijibu kwa kusema kwamba hesabu ni kitu duni kuliko sala, maana tukisema hivyo tutawavunja moyo mabinti wetu, na tutakuwa hatusemi kweli juu yake. Agnesi hakuiacha hisabati kwa kuidharau. Aliitumikia kwa karibu miaka kumi kwa uaminifu wote, akaikabidhi kwa vijana katika lugha yao, kitabu kikafanya kazi yake hata baada ya yeye kwenda kwingine. Talanta iliyozikwa ni ile isiyomfaa mtu yeyote. Talanta yake iliwafaa wanafunzi wa nchi tatu.

Tukumbuke pia kwamba katika mfano wa Bwana kuhusu talanta, anayedai hesabu ni yule aliyezitoa. Sura hiyohiyo ya Mtakatifu Mathayo inaendelea hadi siku ya hukumu, ambapo swali linahusu wenye njaa, wagonjwa na wafungwa. Mtu mmoja anaweza kuwajibika kwa sehemu zote mbili za sura hiyo, na Maria Gaetana alizijibu zote mbili, kila moja kwa wakati wake. Wala si lazima kila binti mwenye akili afuate njia yake kwa herufi. Laura Bassi alifundisha Bologna mpaka kufa kwake, akiwa mke na mama, na hakuna anayeweza kusema kwamba alimkosea Mungu kwa kufanya hivyo. Wito ni wa mtu binafsi. Unasikika katika sala, si katika kelele za wanaotazama.

Kwa hiyo, wapendwa wazazi, mkiwa na binti anayependa hesabu, mlipieni ada, mnunulieni vitabu, msimwambie kwamba masomo hayo ni ya wavulana. Mkimwona anapenda pia sala, msiogope, na msimgeuze kuwa pambo la sebule yenu. Nanyi wanafunzi mnaokosea kanuni ya zao, rudieni tena. Mmetanguliwa katika kosa hilo na watu wakubwa. Na sisi tuliopewa elimu yoyote, iwe ya hesabu, ya udaktari au ya teolojia, tujiulize kila mmoja mbele ya Ekaristi Takatifu: ni maskini gani anayejua kwamba nimesoma, kwa sababu tu elimu yangu imemfikia?

Mungu, aliye chemchemi ya hekima yote, awabariki vijana wetu walioko mashuleni na vyuoni, na awape wale walioitwa kufundisha uvumilivu wa kufundisha kwa lugha inayoeleweka. Awajalie pumziko la milele wote waliozikwa bila jina, awainue siku ya mwisho. Amina.